Mashine Si Wembe

Mama mkwe wangu ana sheria chache, na zote anazisimamia kama askari wa lango. Mojawapo ni hii: mtu wa nyumba akilala kitandani asiweze kuamka, wembe haupiti kichwa cha yeyote wa ukoo. Si cha mtoto, si cha mkubwa. Kwao Ronge, na hata kwetu Sagalla, wembe huja baada ya kaburi. Watu wakishazika, matanga yakaondolewa, ukoo hukaa uani, maji yakaletwa kwa beseni, na vichwa vikanyolewa kimoja kimoja mpaka ngozi ing'ae. Kunyoa kabla ya hapo ni kumlilia mtu ambaye bado anakusikia.

Mimi ni fundi wa nguo pale Voi, karibu na soko. Nashona sare za shule. Mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi na msomaji wa masomo kanisani, na sheria hiyo ya mamake ameiita ushirikina tangu nimjue. Mimi sikuwahi kuiita chochote. Kuna mambo mtu haamini na bado hathubutu kuyajaribu.

Binti yetu alikuwa amemaliza gredi ya tisa. Alipangiwa shule ya bweni, nzuri, mbali na kwetu, ambayo nusu ya wazazi wa mtaa wetu waliililia wasiipate. Tulifurahi mpaka tukasahau kuuliza mambo madogo. Jambo dogo lilikuwa nywele. Shule hiyo haitaki nywele za msichana zizidi inchi moja, na aliyefika lango kuu na zaidi ya hapo hurudishwa na sanduku lake.

Sasa nikueleze nywele zenyewe. Ni nyeusi, nzito, na zina ukaidi wa mwenyewe. Nilikuwa nikimweka katikati ya magoti yangu Jumapili baada ya chakula na hatukuinuka mpaka jua lipungue. Vitana vilivunjika. Mimi nililalamika kila Jumapili na kila Jumatatu nikajivuna nazo kwa wateja, maana mama ni mama.

Lakini aliyezipenda zaidi yangu alikuwa babu yake. Kisukari kilimchukua mzee macho miaka kadhaa nyuma, na tangu hapo akawa anawajua wajukuu kwa vichwa. Alikaa kwenye kiti chake, mtoto akainama, yeye akaweka kiganja juu ya utosi na kutangaza: wa Mwatate. Wa Mombasa. Wa Voi. Hakukosea. Akimfikia binti yangu, vidole vyote vilizama, na alisema vilevile kila mara, "Hapa nimeingia msituni, nitoeni." Watoto wote walicheka, na yeye alikuwa wa mwisho kunyamaza.

Basi Desemba ikaanza kwa mazungumzo. Nyumba yetu ikawa bunge.

"Baba, tuseme hivi," binti alianza, amekaa mkao wa wakili. "Nitakata. Lakini siku ya mwisho."

"Siku ya mwisho kila kinyozi ana foleni."

"Basi nikate nusu sasa, nusu siku ya mwisho."

"Nywele si karo, ulipe kwa awamu."

"Kwani huyo mwalimu mkuu atafundisha nywele ama atanifundisha mimi?"

Nilicheka, na mume wangu akanitazama kama nimempigia kura mpinzani wake. Alikuwa amechoka. Alifunga shule akiwa na mawazo ya baba yake, na joto la Voi mwezi huo lilikuwa la kumwotesha mtu vipele. Vuli ilitudanganya, mawingu yalikuja yakasimama juu ya mlima wa Sagalla kama wageni wasioingia ndani, kisha yakaenda zao. Maji ya mfereji yalitoka kwa bahati. Watu walijibizana kwa ukali hata kwa salamu.

Kabla ya Krismasi mzee alizidiwa. Kidonda cha mguu kilikuwa kimepanda. Tulimpeleka hospitali, wakamtunza siku chache, kisha daktari akamvuta mume wangu kando na kumwambia tumpeleke nyumbani akapumzike. Maneno hayo kila mtu kwetu anajua maana yake, na hakuna anayeyatafsiri kwa sauti. Tulimrudisha Ronge akalazwa kwenye chumba chake, dirisha likaachwa wazi ili apate hewa.

Siku iliyofuata mama mkwe alinipigia simu. Kwao mtandao hushika mahali pamoja tu, kwenye kona ya nyumba chini ya dirisha hilo la chumba cha mzee, kwa hiyo alikuwa akinong'ona.

"Waambie wote," alisema. "Amelala. Wembe usiguse kichwa cha mtu."

Nikawaambia wote. Shemeji yangu wa Mwatate, mtu wa ofisini, aliacha ndevu zikaota kama za beberu, na hakuna aliyemtania. Hata msuko wa twende kilioni, ile mistari myepesi ya kurudi nyuma, mama mkwe aliukataza kwa sababu ya jina lake tu. Mume wangu alisema mamake amerudi gizani. Alisema hivyo, lakini niliona kuwa na yeye mashine ya kunyolea ndevu haikutoka kwenye droo.

Binti yetu aliichukua sheria hiyo kama mtu aliyeokota panga njiani. Tulikuwa tunakula mchana, ugali na sukuma, wakati babake aliporudia habari ya kinyozi.

"Baba," alisema polepole, "unataka nimuue Babu kwa sababu ya shule?"

Nilipiga meza mpaka bakuli la mchuzi likaruka. "Funga huo mdomo! Maneno huumba."

"Mimi nimeuliza tu."

"Usiulize hivyo. Usiulize hivyo tena katika nyumba hii."

Mume wangu aliinuka akaosha mikono, ingawa ugali wake ulikuwa haujaguswa. Mimi nilikaa nikimtazama msichana wa miaka kumi na tano ambaye alikuwa ameshinda hoja na hajui ameshinda nini.

Baada ya hapo mambo yakageuka kwa namna iliyonitisha. Mtoto alianza kwa ujanja akaishia kwa hofu. Ile silaha aliyomtishia babake ikamgeukia. Simu ikilia alishika kichwa kwanza kabla ya kuuliza ni nani. Jumapili nikimchana aliniomba nisivute. Kila unywele ulionasa kwenye kitana aliutoa, akauviringisha kidoleni na kuuweka kwenye kopo la mafuta lililoisha. Nilimuuliza kopo la nini. Akasema, "Zisipotee tu, Mama." Nililiona kopo hilo kwenye dirisha lake kila asubuhi, na kila asubuhi nilitaka kulitupa, na kila asubuhi nililiacha. Mkasi nimeushika maisha yangu yote, nimekata vitambaa vya maharusi na vya maiti, lakini kuukaribisha kwenye kichwa hicho sikuweza.

Siku za kuripoti shule zilipokaribia, mume wangu ndiye aliyepata njia. Ualimu una faida yake. Mtu hujifunza kusoma sheria mpaka apate mlango.

"Mama alisema wembe," alituambia. "Hakusema mashine."

Binti aliinua uso. "Mashine si wembe?"

"Mashine si wembe. Wembe unafika ngozini. Mashine ina kile kitana chake mbele, inaacha nywele. Inchi moja shule inaruhusu, basi tutaacha inchi moja kamili. Babu akishika, atashika kitu."

Mtoto alifikiri. Kisha akatoa masharti yake. Mimi lazima niwepo. Inchi ipimwe kwa tepu yangu ya kushonea, si kwa macho ya kinyozi. Nyanya asiambiwe kwa simu, atajionea mwenyewe kwamba zimebaki. Na kinyozi akae mbali na wembe, asiuguse hata kwa kusafisha pembeni. Babake alikubali yote. Walipeana mikono. Nilihisi tumekwepa kitu kilichokuwa kimesimama mlangoni, na usiku huo mume wangu alikula akaomba aongezewe.

Tulikwenda Jumamosi kabla ya adhuhuri, Jumatatu ikiwa ndiyo siku ya kuripoti. Kinyozi alikuwa kijana mwenye adabu, kibanda chake ni safi, na kioo kimezungushiwa taa za rangi. Nilimpa tepu. Alinicheka kidogo lakini akapima kitana cha mashine mbele yetu: inchi moja, haikupungua. Binti akafumba macho. Misuko niliyomfumua asubuhi ilikuwa imemsimamia kichwani kama kichaka. Mashine ikawashwa, ikaingia juu ya paji la uso na kupanda kuelekea utosini.

Nywele zake ni nzito, nimesema. Kitana hicho kilikwama, kikachomoka, na kijana akasukuma kwa nguvu akidhani ni nywele zinazokataa. Alipotambua, kulikuwa na njia nyeupe kutoka paji mpaka utosi, pana kama vidole vitatu. Ngozi tupu. Alisema "Woi" kwa sauti ndogo na kunyoosha mkono kuokota kitana sakafuni. Hapo stima ikapotea. Taa za kioo zikazimika, redio ya duka la pili ikakatika katikati ya wimbo, na mtaa wote ukapiga kelele ile ya stima kupotea kisha ukanyamaza.

Tulingoja. Binti hakuwa amefumbua macho.

"Mama, kuna nini?"

"Stima. Tulia."

Tulingoja sana. Kibanda kikawa tanuri. Simu ya mume wangu ililia, na kabla hajaitoa mfukoni, mtoto alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili, na vidole vyake vikaifikia ile njia. Alifumbua macho akajiona.

Aliyepiga alikuwa shemeji wa Mwatate. Nilisikia sauti yake ingawa haikuwa kwangu: "Njooni. Mzee anawaita. Njooni sasa hivi."

Nikatazama kile kichwa. Nilifikiria leso, nilifikiria mkasi wangu, nilifikiria kumwacha kwa jirani. Kijana wa watu akaiweka mashine mezani. Akasema, "Mama, kwa mkasi haitalingana. Hapo katikati hakuna kitu cha kulinganisha nacho. Labda nimalizie na..." Hakumalizia. Mume wangu alikuwa anatazama barabarani kama aliyetarajia stima irudi kwa miguu.

Ni mtoto mwenyewe aliyesema. "Malizia. Siwezi kwenda kwa Babu nikiwa hivi kama mwendawazimu." Na machozi yalimtoka bila sauti wakati wembe ulipokuwa unapita. Nywele zilianguka kwenye mapaja yangu kwa sababu nilikuwa nimeketi mbele yake nimemshika magoti. Kichwa chake kilikuwa kidogo kuliko nilivyokikumbuka. Sikuwa nimekiona tangu akiwa mchanga.

Tulikodi gari tukapanda Ronge. Nilikuwa nimemfunga leso, nikaikaza mpaka nyusi. Njia nzima nilikuwa na mpango mmoja tu: mzee asikiguse kichwa hiki. Akae mlangoni, asalimie kwa mbali, tuseme ana mafua. Mzee akishamgusa, akijua, na kisha jambo likitokea, mtoto huyu atalibeba maisha yake yote, na ukoo utamsaidia kulibeba. Nawajua watu wangu. Hakuna atakayemlaumu kwa maneno, watamwangalia tu.

Tulipofika nilishuka nikaona njia ya kuingia bomani imefyekwa. Miti ya pembeni imekatwa matawi, mashimo yamejazwa mawe, na kona ile nyembamba imepanuliwa. Katika boma lile hakuna mwenye gari. Njia pana hivyo ilitengenezwa kwa ajili ya gari moja tu, la siku moja, na mwenyewe bado alikuwa chumbani akipumua. Mume wangu aliiona na yeye. Aliitembea akiwa ameinamisha kichwa.

Mama mkwe alikuja kutulaki. Alimkumbatia mjukuu wake na mkono ukapita juu ya leso, ukasimama. Aliivuta nyuma kidogo, akatazama, akairudisha haraka kama aliyefunika chungu kisichoiva.

"Ilikuwa mashine, Mama," mume wangu alianza. "Stima ilipotea, ikabidi..."

"Nyamaza," alisema. "Asijue. Mtoto akae jikoni na mimi."

Lakini mzee macho yalimtoka, masikio hayakumtoka. Kutoka chumbani alisema, kwa sauti iliyochujuka, "Nimesikia gari. Wa Voi wamefika. Leteni huyo wangu wa msitu."

Shemeji alikuwa na binti wa rika moja na wangu, mwenye misuko minene. Mama mkwe alimshika bega akamsukuma chumbani bila neno, na sisi tukajipanga mlangoni tumeshikilia pumzi kama wezi. Mtoto wa watu akainama. Mzee akaweka kiganja, akakipitisha mara moja.

"Huyu ni wa Mwatate," alisema. "Nimemuomba wa Voi. Kwa nini mnanifanya mjinga?"

Nilihisi binti yangu akipita ubavuni mwangu. Nilimshika mkono, akautoa mkono wangu taratibu, kidole kwa kidole. Aliifungua leso mwenyewe, akaiacha ianguke, akapiga magoti kando ya kitanda na kuinamisha kichwa.

Kiganja kilishuka. Kilitua, kikakaa. Kisha vidole vikaanza kutafuta, huku na huku, nyuma ya masikio, kisogoni, kama mtu aliyeangusha funguo gizani. Vilirudi utosini vikatulia.

"Mmenizika lini?" aliuliza.

Mama mkwe alitoka nje. Mimi nilibaki mlangoni.

"Hatujakuzika, Babu," binti yangu alisema. "Ilikuwa shule. Shule inataka inchi moja. Tulikubaliana mashine, na mashine si wembe, lakini kitana kikachomoka na stima ikapotea, na Baba mdogo akapiga simu, na mimi nikasema amalizie. Mimi ndiye nilisema."

Mzee akacheka. Kilikuwa kicheko chembamba kilichoishia kwenye kikohozi, tukamwinua, nikamfuta mdomo. Alipopata pumzi alisema, "Kumbe ni stima." Halafu akawa si mtu wa kucheka tena. Aliutafuta mkono wa mtoto akaushika.

"Sikia. Mimi sitaki kwenda mkiwa mmeshaninyolea vichwa. Mtu hanyolewi mara mbili. Kaa hapa nami. Zikiota zikafika za kushikika, kidogo tu, hata za kushikwa na kucha, nitakuachia uende shule yako. Umekubali?"

"Nimekubali."

"Baba," mume wangu alisema, "shule inafunguliwa Jumatatu. Asiporipoti nafasi inapewa mwingine."

"Nilikuwa nazungumza na wewe?"

Tulitoka tukabishana nje, mimi na yeye, kwa sauti za chini. Yeye alisema hatuwezi kutupa maisha ya mtoto kwa kisa cha nywele. Mimi nilimwambia amwambie baba yake hivyo, aingie amwambie. Binti alitufuata mlangoni. "Mlinibembeleza mwezi mzima ziwe fupi," alisema. "Sasa ziacheni ziote." Na akarudi ndani.

Jumapili mume wangu hakwenda kusoma masomo. Asubuhi mzee aliweka kiganja kichwani mwa mtoto kabla ya salamu. "Bado," alisema. Lakini alikunywa vijiko vitatu vya uji, na mama mkwe alinionyesha bakuli kama mtu anayeonyesha dhahabu, maana kwa siku nyingi alikuwa akifunga midomo. Mchana akauliza habari za ng'ombe. Jioni akataka kukalishwa. Shemeji alisema mzee anarudi. Mimi nilitazama ile njia iliyofyekwa, nikasema moyoni, pengine nyasi zitaota tena, nazo.

Jumatatu asubuhi niliingia na kikombe cha uji. Binti alikuwa ameketi chini, ameegemeza kichwa kwenye ukingo wa kitanda, na mkono wa mzee ulikuwa juu yake ukisogea polepole mbele na nyuma.

"Zimeanza kukwaruza," mzee aliniambia. Uso wake ulikuwa na kitu ambacho sikukiona tangu hospitali. "Zinakwaruza kabisa. Nipe huo uji."

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni nyuma yangu. Aliona baba yake akishika kikombe kwa mkono wake mwenyewe na kunywa mpaka nusu. Alifuta macho kwa mgongo wa mkono, na kwa mara ya kwanza tangu Desemba ianze aliacha kubishana.

"Abaki," aliniambia sikioni. "Wiki mbili, tatu. Acha niongee na shule."

Niliona akifikiri. Ukisema nywele, watakucheka. Ukisema babu mgonjwa, watauliza kama mtoto ndiye daktari. Yeye ni mwalimu, amekaa upande wa pili wa simu hizo miaka mingi, na anajua ni sababu gani mwalimu mkuu haiulizi swali la pili. Sikujua amekwisha kuichagua. Nilidhani anakwenda kubembeleza. Alitoka na simu, akazunguka nyumba kwenda mahali pale pamoja ambapo mtandao hushika.

Simu ilikuwa inakatikakatika, ikambidi apaze sauti.

"Habari ya asubuhi, mwalimu... Ndiyo, ni mzazi... Hapana, hatafika leo. Tumefiwa."

Mkono juu ya kichwa cha binti yangu ulisimama.

"Nasema tumefiwa! Ni babu yake. Ndiyo, baba yangu mzazi... Asante, mwalimu. Asante. Ni mapenzi ya Mungu... Tutazika Ijumaa."

Nilitaka kukimbilia dirisha nilifunge. Kikombe nilichokuwa nimempokea mzee kilikuwa mikononi mwangu na sikuweza kukiweka chini wala kukiinua. Binti yangu hakunitazama mimi. Alikuwa anatazama uso wa babu yake kwa macho makubwa, na niliona akijua kila kitu mara moja, kama mtu mzima.

"Nani anazikwa Ijumaa?" mzee aliuliza.

"Ni jirani, Babu," alisema. Hakutetemeka. "Ni jirani yetu wa Voi."

Mzee alitikisa kichwa kidogo. Aliuondoa mkono juu ya kichwa cha mtoto, akauweka kifuani, kisha akauleta na ule mwingine, akaviweka viganja kimoja juu ya kingine.

"Basi poleni," alisema. "Poleni sana, wanangu."

Nilimsogezea uji, akageuzia uso ukutani. Nje, chini ya dirisha, mume wangu alikuwa bado anamshukuru mwalimu.